Deni la Msikilizaji

Ipo hoja ambayo hutolewa kila mtu mzima anapofunga mkoba wake kwenda mbali kumsikiliza mwimbaji. Husemwa: wimbo ni ule ule. Umekwisha kunaswa katika santuri na kanda, redio huupiga bure, na siku hizi umo hata ndani ya simu ya mkononi. Ya nini basi mtu aache shughuli zake, atumie fedha ambayo ingenunua mbolea au kulipa ada ya mtoto, aende kuutafuta wimbo huo kwa mwenyewe? Hoja hii si ya kubezwa, maana aghalabu anayeitoa ana watoto, na fedha yake ina jasho. Walakini ndani yake mna dhana moja ambayo mimi siikubali, nayo ni kwamba msikilizaji hana wajibu wowote ila kusikia.

Natutazame kwanza mambo yalivyo huku kwetu, chini ya Mlima Meru. Katika ngoma za Wamaasai huwapo kiongozi wa wimbo, aitwaye olaranyani. Yeye huanzisha, na wenziwe humwitikia kwa sauti nzito zitokazo kooni. Akikosa waitikiaji hana wimbo. Ana maneno tu. Pale hapana watu waliokaa kando kama watazamaji wa mpira, kwani aliyekuja amekuja kuitikia. Sasa tembea Njiro jioni, katika mtaa huu ninaokaa mimi, upande wa kusini-mashariki ya mji wa Arusha. Kila nyumba ina ukuta wake na lango lake la chuma, na nyuma ya kila ukuta kuna sauti inayoimba kutoka katika chombo. Sauti ni tele, kiitikio hakuna. Sisemi kwamba ukuta ni dhambi, nami ninao.

Wala sisemi kwamba redio imetudhulumu. Bila redio nchi hii kubwa isingalimjua Mbaraka Mwinshehe, ambaye bendi yake ya Morogoro Jazz ilifika hata Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, walimlilia watu ambao hawakupata kumwona hata siku moja. Kilio kile kilikuwa cha kweli. Lakini nauliza: wengi wa waliomlilia walikuwa wamempa nini? Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, ambayo kwayo COSOTA iliundwa ili kusimamia haki za wasanii, ilikuja miaka 20 baada ya kifo chake. Kadhalika serikali iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, jambo la busara na la heshima kwa taifa changa. Wizara yaweza kujenga kumbi na kulinda ngoma zisipotee. Haiwezi kusikiliza kwa niaba yetu.

Haya yote yalikuwa mawazo ya mezani hadi niliposafiri na mwalimu mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, kwenda Unguja kumsikiliza Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Ilikuwa miaka michache kabla ya kifo chake, kilichotokea tarehe 17 Aprili 2013. Mwalimu alikuwa amempenda bibi huyo tangu zama za kanda. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 600. Ukipita Moshi, na Same, na Korogwe, hadi ufike Chalinze, magoti yamekwisha kukusemesha. Kisha kuna boti. Njia nzima tulizungumza habari za mahindi na za shule. Mwimbaji hatukumtaja, kama wafanyavyo watu waendao kuposa.

Ufahamu, ndugu msomaji, kwamba Bi Kidude hakuwa na chuo kingine cha uimbaji ila kusikiliza. Alimsikiliza Siti binti Saad, yule mwanamke wa Fumba aliyekuja mjini akiuza vyungu, akaishia kusafiri hadi Bombay mwaka 1928 kunaswa sauti yake katika santuri. Shaaban Robert alimwandikia Siti wasifu; naye, kama ijulikanavyo, alikuwa mshairi na mtumishi wa serikali, jambo linalotupa faraja sisi wa tabaka hiyo. Basi mnyororo wote huu, kutoka kwa Siti hadi kwa Kidude, uliungwa na mtu aliyekaa karibu na mwenye sauti akamtazama anavyovuta pumzi.

Tulimkuta katika Ngome Kongwe, ngome iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno, ambamo tamasha la Sauti za Busara lilikuwa likifanyika kila Februari tangu mwaka 2004. Umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Wengine walimhesabia miaka mia na zaidi. Alikuwa mdogo wa umbo, na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, nene kuliko mwili uliokuwa ukiitoa. Mwalimu alisikiliza nyimbo mbili, kisha akaniinamia: "Bwana, huyu bibi angekuwa mama yangu nisingemruhusu. Tumekuja kumheshimu au kummaliza?"

Sikuwa na jibu la upesi, wala sidhani kwamba swali lile lina jibu jepesi. Kwa upande mmoja, huruma nayo yaweza kuwa namna ya kupora. Mwanamke aliyepiga ngoma maisha yake yote, aliyewafunda wanawali unyagoni, aliyetunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 katika uzee wake, nani amempa mwalimu wa Arusha mamlaka ya kumwambia akae chini? Kazi ndiyo iliyokuwa heshima yake. Kwa upande wa pili, mwenzangu alikuwa ameona jambo la kweli. Msanii mzee asiye na pensheni huimba kwa kupenda na kwa kuhitaji, na hapana mizani ya kutenganisha mawili haya. Sisi tulio kwenye viti tunachukua yote mawili, kisha twaita "utamaduni".

Wakati nikiwaza hivyo watu walianza kutunza. Huu ni mtindo wa taarabu ambao wageni huudhania kuwa ni majivuno: mtu huinuka ubeti unapomgusa, huenda kwa mwendo wa kucheza, mbele ya macho ya wote, na kumtia mwimbaji fedha mkononi. Aghalabu wanaoona hujiuliza ubeti ule umemgusa kwa nini, na nani analengwa. Kutunza ni kukiri. Nilipogeuka kiti cha Mwalimu kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwisha fika mbele, shati limechomekwa vizuri, anayumba kidogo kama mtu asiyezoea kucheza, na mkononi ana noti iliyokuwa ya chakula chetu cha siku iliyofuata.

Botini, tukiwa na njaa, nilimwuliza kama ile ilikuwa sadaka au malipo. Alisema haikuwa sadaka wala malipo. Yeye alikuwa ameitikia tu. Nilimwambia kwamba noti moja haimtoshi mzee mwezi mzima. Akakubali. Tulibishana hadi Chalinze, na hoja ile hatujaimaliza hata leo.

Lakini tangu safari ile mwenzangu ana tabia moja. Katika kila arusi anayoalikwa hapa Arusha huuliza kwanza kama waimbaji wamekula. Watu humcheka. Katika sherehe moja hapa Njiro aliambiwa bado, na bwana arusi ikambidi angoje sahani yake.