Kanzu ya Samweli

Somo: 1 Samweli 2:18-21

Hana alimpeleka Samweli Shilo, akamkabidhi kwa kuhani Eli. Wengi wetu tunaishia hapo. Mtoto nimempa Mungu, nimempa mwalimu, yangu ni kulipa tu.

Lakini soma mstari wa 19. Kila mwaka Hana alipopanda na mumewe kutoa dhabihu, alimletea mtoto kanzu aliyomshonea. Fundi yeyote wa cherehani hapa Nakuru atakwambia huwezi kushona nguo imtoshe mtoto kama hujui amekua kiasi gani. Hana alijua kipimo cha Samweli. Na usiseme alikuwa na nafasi: mstari wa 21 unasema alizaa wengine watano!

Wewe unajua kipimo cha wako? Mwalimu wake wa darasa anaitwa nani? Anasoma kweli, ama anakariri? Tangu 2023 hata Gredi ya 7 wako pale pale shule ya msingi, karibu na nyumbani, lakini mkutano wa wazazi ukiitwa tunatuma dada mkubwa. Halafu mtihani ukifika tunaleta kalamu zipakwe mafuta. Nitaziombea, sikatai. Lakini daftari la hiyo kalamu, umewahi kulifungua?

Tena mwangalieni Eli. Mtoto wa Hana alikua vizuri mikononi mwake, lakini wake mwenyewe, Hofni na Finehasi, walimshinda. Walimu nao wana nyumba zao.

Kule Njoro, kijiji cha Pwani, mwalimu Peter Tabichi wa Shule ya Keriko, yule aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka wa 2019, alikuwa akienda manyumbani kuwasihi wazazi wasiwaoze wasichana wangali wadogo, wawaache shuleni. Ni mtawa wa Kikatoliki, na namsifu hapa hapa madhabahuni. Lakini hamuoni haya? Mwalimu ndiye anatufuata sisi!

Ninyi wa zamu za mashamba ya maua, najua mkutano wa asubuhi ni mshahara wa siku umeenda. Basi mpigie mwalimu simu, ama baba na mama mpokezane. Na wewe usiyejua kusoma, mwambie mtoto akusomee jioni kwa sauti. Ukisikia anarukaruka maneno, tayari una la kumuuliza mwalimu.