Ulikuwa Wapi Mtoto Akianguka?

Swali hilo niliulizwa Alhamisi moja jioni, kwenye lango la Msitu wa Karura hapa Nairobi. Aliyeuliza alikuwa mama aliyekuja kumchukua mwanawe wa miaka minane na kumkuta amefungwa leso gotini, damu imekaukia kwenye soksi. "Mwalimu, ulikuwa wapi?" Watoto huniita mwalimu, basi na wazazi wamezoea, ingawa ualimu sijausomea.

Jibu la kweli lilikuwa fupi: nilikuwa hatua nne kutoka kwake, nikimtazama. Sikulisema. Nilisema, "Pole sana, mama," nikainamisha kichwa.

Hebu nieleze. Sisi ni majirani wachache. Siku mbili kwa wiki, shule zikishatoa watoto, tunawachukua wale ambao wazazi wao bado wako kazini na kuwapeleka msituni hadi jioni. Hakuna daftari. Wanajenga vibanda kwa matawi yaliyokwisha kuanguka, wanafuata mstari wa siafu waone unaishia wapi, wanatembea juu ya magogo. Siku hiyo gogo lilikuwa na unyevu. Nilimwona kijana akisita katikati, akitafuta mahali pa kuweka mguu. Ningeweza kwenda kumshika mkono. Sikwenda. Akateleza.

Tangu hapo najiuliza: mtu mzima ana haki gani ya kumwacha mtoto, tena mtoto wa mwenziwe, akutane na hatari ambayo angeweza kuizuia?

Wasomaji wa vitabu tutamkimbilia Rousseau. Katika Émile, kitabu cha 1762, anadai kwamba angesikitika kama mwanafunzi wake angekua bila kuumia hata kidogo, kwa kuwa mtu asiyejua maumivu hajui kuishi. Maneno matamu. Lakini Rousseau huyo huyo aliwapeleka watoto wake mwenyewe kwenye nyumba ya kulelea watoto walioachwa. Ni rahisi kusifu jeraha la goti kama si wewe utakayeliosha usiku, mtoto akipiga mayowe. Kwa hiyo simtegemei sana.

Msitu wenyewe umenifunza zaidi. Kuna hatari mtoto anayoiona na hatari asiyoiona. Gogo analiona. Anaweza kulipima kwa jicho, akaligusa kwa mguu, akaamua kupanda au kurudi. Tawi lililooza juu ya kichwa chake halioni, wala hajui kwamba baada ya upepo mkali linaweza kudondoka. Kazi yangu ni kufika mapema, kutazama juu, na kuwahamisha watoto kutoka chini ya tawi lile. Lile gogo ni lake. Nikimshika mkono kila mara, miguu yake itajifunza kuutegemea mkono wangu, na mkono wangu hautakuwepo siku zote.

Nilidhani hoja hiyo inatosha. Kisha yule mama akanipigia simu usiku, hasira zimepoa kidogo, akaniambia jambo ambalo bado linanikaba. Alisema yeye alikulia Nyeri. Alikuwa akitumwa kuni na maji akiwa mdogo kuliko huyu mwanawe, na muundi wake una kovu la panga hadi leo. "Mimi niliyapitia ili yeye asiyapitie. Sasa nyinyi mnanilipisha nauli na kiingilio ndio mtoto wangu akaumie msituni?"

Kwani nimjibu nini? Tunapenda kusema watoto wa zamani walikuwa huru. Wengi hawakuwa huru, walikuwa kazini. Nikamkumbuka Wangari Maathai, ambaye katika kumbukumbu zake, Unbowed, zilizotoka 2006, anasimulia utoto wake kule Ihithe, katika Nyeri hiyo hiyo. Alikuwa akitumwa kuni na maji, na karibu na mtini mkubwa palikuwa na kijito chenye mayai ya vyura. Yeye akiyaona kama shanga, akijaribu kuyaokota ayavae shingoni, nayo yakiponyoka vidoleni. Alitumwa na mama, lakini zile shanga hakutumwa. Nadhani tofauti iko hapo. Kovu la mama huyu lilitokana na mzigo aliobebeshwa. Jeraha la mwanawe lilitokana na jambo alilolichagua, akaweza hata kulikataa. Yanafanana kwa damu, hayafanani kwa maana.

Na Karura yenyewe haikubaki msitu kwa bahati. Miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa wajenzi binafsi, na Januari 1999 Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miche walipigwa. Yeye alipasuliwa kichwa, akaenda kutia sahihi taarifa ya polisi kwa damu yake mwenyewe. Lakini siwezi kuitumia damu ile kuhalalisha ya mtoto huyu. Maathai alikuwa mtu mzima, aliijua hatari, akaikubali kwa niaba yake mwenyewe. Mimi niliikubali kwa niaba ya mtoto, na mama yake sikumuuliza.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na si pale nilipokuwa nikipatafuta. Kumwacha apite juu ya gogo halikuwa kosa. Kosa ni kwamba nilimwahidi mama usalama wa aina moja, nikampa mtoto usalama wa aina nyingine, halafu nilipoulizwa nilikuwa wapi, nikaficha jibu nyuma ya pole. Kama kweli naamini ilifaa kumwacha, basi nilipaswa kuweza kusema mbele ya mama yake: nilikuwepo, niliona, nilichagua. Nisipoweza kulitamka hilo, sijui tena kama nilimlea au nilimtelekeza.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku zote tumeusikia msemo huu kama tishio, kana kwamba ulimwengu unamngoja mtoto nje ya mlango na fimbo. Lakini kwa nini ulimwengu uanze kumfunza siku ambayo mama hayupo? Si heri waanze pamoja, mtoto akiwa bado mdogo na gogo likiwa bado fupi?

Jumapili nilikwenda kwao, nikamwambia ukweli. Alinitazama kwa muda. "Kwa hivyo ulimwona?" Nikasema, ndiyo, nilimwona. Hakusema amenisamehe. Alisema Alhamisi ataomba ruhusa kazini.

Alikuja kweli, na viatu vya ofisi. Njiani aliwaonyesha watoto mti wa muthiga, akawaambia kwao walikuwa wakitafuna gome lake kwa kikohozi, na kwamba linawasha mdomo kama pilipili. Mimi sikuwahi kuujua mti ule. Tulipofika kwenye gogo, mwanawe alipanda. Alipofika pale katikati alisimama, akamtazama mama yake, si mimi.

Mama mikono yake ilikuwa ndani ya mifuko ya sweta. Niliziona ngumi zikivutana na kitambaa. Hakuitoa.