Uwezo wa Kusubiri

Je, taifa linalotia saini huku watu wake wana njaa limekubali kwa hiari? Sheria ya kimataifa ina jibu jembamba. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria za mikataba hubatilisha makubaliano yaliyopatikana kwa nguvu za kijeshi au kwa vitisho vyake, lakini haugusi njaa, deni wala hazina tupu. Kwa mtazamo huo, waziri mwenye akiba ya miaka kumi na waziri asiyejua mishahara ya walimu ya mwezi ujao itatoka wapi wako huru sawasawa mbele ya mwekezaji. Mimi nakataa. Uhuru wa taifa katika mazungumzo ya uwekezaji hupimwa kwa muda linaoweza kusubiri bila kuangamia, na ufasaha wa wanadiplomasia wake hauwezi kuufidia muda huo.

Tazama Msumbiji. Ilipata uhuru kutoka kwa Ureno mwaka 1975, ikaingia vitani miaka miwili baadaye, na makubaliano ya amani ya Roma ya Oktoba 1992 yaliikuta imepoteza watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja, reli na shule zikiwa magofu. Misaada ilikuja na masharti. Katikati ya miaka ya 1990 Benki ya Dunia ilitaka vizuizi vya kuuza nje korosho ghafi vilegezwe, kwa hoja kwamba mkulima angepata bei nzuri. Wenye viwanda na vyama vya wafanyakazi walipinga. Serikali, iliyotegemea mikopo ile ile, ikaridhia. Viwanda vikubwa vya kubangua vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi, wanawake wengi miongoni mwao, wakakosa kazi. Bunge lilipopandisha tena ushuru mwaka 1999, madhara yalikuwa yamekwisha kutokea. Wataalamu hukosea, na hilo peke yake lisingenisumbua. Kinachouma ni kwamba aliyelipia kosa hakuwa na nafasi ya kusema: tujaribu kwanza mkoa mmoja, tuone.

Itasemwa kwamba kusubiri nako kuna makaburi yake. Ni kweli, na hoja hii ina uzito. Kiwanda cha alumini cha Mozal, kilichoanza uzalishaji mwaka 2000 nje kidogo ya Maputo, kiligharimu takriban dola bilioni 1.3 katika awamu ya kwanza, fedha ambazo hakuna aliyetarajia kuziona katika nchi iliyotoka vitani juzi tu. Kiliwatangazia wawekezaji wengine kwamba mlango uko wazi. Lakini angalia bei ya tangazo hilo: badala ya kodi ya kawaida ya faida, kiwanda kilipangiwa asilimia 1 tu ya mauzo, na hisa za serikali zilikuwa kama asilimia 4. Sisemi waliotia saini walikuwa wasaliti. Nasema walinunua imani ya wageni kwa bei ya mtu asiyeweza kuondoka sokoni mikono mitupu, na bei hiyo iliendelea kulipwa hata baada ya dhiki iliyoipanga kupungua. Hapo ndipo penye dhuluma: udhaifu wa mwaka mmoja unageuzwa sheria ya miongo. Mkataba wa haki baada ya vita ungekuwa na kifungu cha kuurejea mkataba wenyewe, uchumi ukishasimama, na mwekezaji anayekikataa angelazimika kueleza kwa nini.

Bwawa la Cahora Bassa, mtoni Zambezi, lina hadithi ya upande wa pili. Wareno walilijenga kabla ya kuondoka, wakabaki na asilimia 82 ya hisa kwa sababu ya deni la ujenzi, na umeme wake mwingi ukaenda Afrika Kusini. Msumbiji ilidai, ikakataliwa, ikadai tena. Hatimaye mwaka 2007 ilifikisha hisa zake asilimia 85 kwa malipo ya dola milioni 950, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Miaka 32 si muda wa kujivunia, lakini safari hii uchumi ulikuwa unakua na upande wa pili ndio uliochoka.

Pingamizi gumu zaidi linatoka nyumbani. Kati ya 2013 na 2014 maafisa wa serikali hiyo hiyo walidhamini kwa siri mikopo ya takriban dola bilioni 2 bila idhini ya Bunge, na ilipofichuka mwaka 2016 wafadhili walisitisha misaada ya bajeti na sarafu ikaporomoka. Wakati huo taifa lingeweza kusubiri, wachache hawakutaka. Kwa hiyo muda peke yake hautoshi: lazima uwe mikononi mwa wanaoujua mkataba. Mwishoni mwa 2023 Bunge la Msumbiji lilipitisha mfuko wa taifa utakaopokea asilimia 40 ya mapato ya gesi katika miaka 15 ya mwanzo. Akiba hiyo inaweza kuipa nchi nguvu ya kusema hapana kwa mwekezaji ajaye, iwapo hesabu zake zitasomwa na mkulima wa korosho wa Nampula kama zinavyosomwa na mkopeshaji wa London.