Je, Reale ya Bibi ni ya Kweli?

Bibi alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akaniwekea kiganjani reale moja ya fedha. "Mama yangu aliipokea kwenye mahari yake," alisema. "Imeandikwa 1780. Kaiuze, mjukuu wangu, ulipe ada." Niliuamini mwaka ule kama nilivyomwamini Bibi. Usiku huo niliisugua kwa ndimu na majivu hadi ikang'aa.

Asubuhi, sonara mmoja wa Mji Mkongwe aliitazama, akaguna. "Nani kaiosha?"

Nilinyamaza. Akanieleza kuwa weusi niliouondoa ndio wakusanyaji wanaoutafuta. Ni ngozi ya miaka, na ukishaichuna hairudi. Kisha akaipima: gramu 28 na ushei, kama inavyotakiwa. Akaigusisha sumaku, haikushika. Akahesabu lulu kwenye sura ya Maria Theresa, kama walivyofanya wafanyabiashara wa zamani, akayapapasa kwa kidole maneno ya Kilatini yaliyozunguka ukingo.

"Si feki, kijana," akasema. "Lakini si ya 1780."

Maria Theresa, aliyetawala Austria, alifariki Novemba 1780. Wakati huo sarafu yenye sura yake ilikuwa imejijengea imani ng'ambo, na baadaye ikatapakaa Ethiopia, Uarabuni na Zanzibar. Watu walioizoea hawakutaka nyingine. Basi Vienna ikaendelea kuitoa ikiwa na mwaka uleule. Mwaka 1935, Italia, iliyokuwa ikijiandaa kuivamia Ethiopia, ilipata vyombo vya kuipigia chapa. Mwaka uliofuata London ikaanza kutoa za kwake, na baadaye hata Bombay. Zote zina fedha halisi, asilimia 83.3. Zote zinasema 1780. Sonara alilinganisha manyoya ya mkia wa tai na picha kwenye simu yake, akahitimisha kuwa yangu ni ya karne ya 20. Thamani yake ni ile ya fedha iliyomo, na kidogo juu yake.

Mgeni mmoja akaingia, akaiona mezani. Akauliza kama ni ya zamani.

"Mwambie imeandikwa 1780," sonara akaninong'oneza. "Hutakuwa umesema uongo."

Nimeifikiria sana sentensi hiyo. Feki ya kawaida hudanganya kwa mwili wake: ni shaba iliyovishwa fedha. Reale ya Bibi mwili wake ni mkweli. Hata mwaka wake haukumdhulumu mfanyabiashara aliyeipokea sokoni, kwa sababu hakununua mwaka. Alinunua uzito, na sura aliyojua kuwa mwenzake ataikubali kesho. Mwaka unageuka uongo siku anapotokea mtu anayelipia mwaka. Kwa hiyo ukweli haumo ndani ya sarafu peke yake. Umo pia kati ya ninachokijua mimi na anachokidhani mwenzangu. Nikichagua neno la kweli ili aendelee kukosea, nimemwibia, hata kama hakuna neno langu linaloweza kukanushwa.

Nilimwambia mgeni kuwa ilipigwa chapa baadaye sana. Akashukuru, akatoka. Sonara akacheka: "Haya, kalipe ada kwa uaminifu."

Nilivuka kurudi Dar es Salaam nikijiona mwema. Jioni Bibi akapiga simu.

"Umeiuza?"

"Bei bado, Bibi."

Hakuna neno langu linaloweza kukanushwa.

Maneno yale ya Kilatini ukingoni maana yake ni haki na huruma. Mgeni nisiyemjua nilimpa haki bila kusita sana. Bibi nilidhani nampa huruma, kumbe nilimpa kile kile alichonifundisha sonara. Ningeweza kujitetea kwamba kwake reale ile ni ya kweli kuliko ilivyo kwa mkusanyaji yeyote, kwa kuwa ilikuwa mahari ya mama yake, na hilo hakuna mkia wa tai unaoweza kulipinga. Pengine Bibi mwenyewe atasema hivyo na kuifunga tena kwenye kanga. Pengine atalia. Lakini hilo ni lake kuamua, na hawezi kuliamua bila kujua.

Ijumaa nitapanda boti. Nitamwambia kuhusu mwaka, na kuhusu ndimu na majivu pia. Ada sijui nitailipaje.