USIWASHE INJINI!

Je, umewahi kumwona fundi amefungua chujio la hewa, na nati ya kifuniko ikamponyoka ikadumbukia ndani ya kabureta? Nati ndogo tu! Lakini akipiga stata, injini itaivuta hadi ndani ya silinda. Pistoni itaigonga, valvu zitapinda. Jioni gari linavutwa kwa kamba.

Wapo wanaosema, "Wewe washa tu, itatoka na moshi." Ndugu, Shetani anahubiri hata gereji!

Fundi wa kweli hutoa kwanza waya wa betri. Kisha anaingiza sumaku iliyofungwa kwenye kijiti. Nati ikiwa ya shaba sumaku haiikamati, basi anapaka grisi kwenye ncha ya waya. Ikishindikana, anafungua kabureta yote.

Soma 2 Wafalme 6:1-7. Chuma cha shoka kilidumbukia Yordani, tena cha kuazima. Yule mtu hakuendelea kukata miti kwa mpini mtupu. Alilia. Elisha akataka kujua kilikoangukia, naye akaonyesha mahali penyewe. Ndipo chuma kikaelea!

Na wewe je? Ile pesa ya chama uliyoificha, yule mwanamke wa siri, ile hirizi kiunoni: imeanguka ndani, na kila Jumapili unapiga stata, unaimba haleluya! Mwonyeshe Yesu mahali penyewe. Usiseme kwa jumla tu, "nimekosa." Itaje kwa jina lake. Piga magoti hapo hapo uliposimama, hata kama jirani anakutazama.