Shahidi wa Waya na Shahidi wa Ulimi

Mtu akiketi kitini kwa mwili wake, na fikira zake zikawa zatembea pengine, tutasema yuko wapi? Swali hili ni la kale. Siku hizi wametokea watu watakao kulijibu kwa kipimo.

Iko miwani ya mtambo izibayo macho, na aivaaye huona majumba, mashimo na bahari zisizokuwako. Akigeuza kichwa, ulimwengu huo wa khiyali hugeuka naye. Ivan Sutherland aliuonyesha mtambo wa namna hii huko Marekani mwaka 1968. Wataalamu walipotaka kujua mtu huzama humo kadiri gani, walimpa karatasi ya maswali. Njia hii ina ila iliyo wazi: ukimwuliza akishatoka, yuajibu kwa kumbukumbu, ukimwuliza angalimo, swali lenyewe limemtoa.

Ndipo wakauendea mwili. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina watu walisimamishwa ukingoni mwa shimo la khiyali, na chini ya miguu yao sakafu wanayoijua. Mioyo ikaenda mbio vilevile. Khabari hiyo ilitolewa mwaka 2002. Wengine wakauendea ubongo, kwa kuwa Hans Berger, tabibu wa Kijerumani, alikwisha tangaza mwaka 1929 kwamba umeme wake waweza kuandikwa kwa waya zibandikwazo kichwani. Kwa waya hizo Thomas Baumgartner na wenzake, wa Zurich, waliwapima watoto na vijana walioonyeshwa safari ya gari la michezo lipandalo reli na kuporomoka. Mwaka 2006 wakaeleza kuwa watoto walijihisi wamo garini zaidi kuliko vijana, na ubongo wao wa upande wa paji la uso haukufanya kazi kama wa wale wakubwa.

Tusimame hapo. Hilo la kwamba watoto walizama zaidi lilijulikanaje? Waliulizwa! Wimbi la umeme halina ulimi. Mawimbi hubadilika pia kwa mwenye kusinzia, na kwa mwenye kufanya hesabu, na hata kwa kufumba macho tu. Hupewa jina la kuzama kwa sababu kwanza yuko mtu aliyesema, "Nalikuwa kama nimo." Basi waya ni shahidi wa pili, na hasimami pasipo wa kwanza. Na yule wa ukingoni, moyo wake wasema pana shimo, naye akiulizwa atasema hapana. Mimi naona mwenye kuulizwa ni yeye, si moyo wake.

Lakini kipimo kisichotosha kuwa hukumu chatosha kuwa chombo. Huko Seattle wagonjwa walioungua wamevishwa miwani hii wasafishwapo vidonda, na uchungu ukapungua. Tabibu akijua mgonjwa amezama, ni kheri. Chukua kipimo hichohicho umpe muuza michezo: ataona ni wapi mtoto aanza kuchoka, naye atapakaza pale pale, kabla mtoto mwenyewe hajajua kuwa amechoka. Mgonjwa huvuliwa miwani kidonda kikiisha kusafishwa. Mtoto yule huvuliwa na nani, ikiwa ashikaye kipimo ndiye apataye fedha kwa kila saa ya kukaa humo?