Umejuaje? Swali la Kufundishwa Shuleni

Katika shule zetu watoto hufundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto wa Kilembwe akimaliza darasa la sita aweza kusoma barua ya ndugu yake aliyeko Baraka au Kalemie, tena aweza kuijibu. Hiyo ni kazi njema, na walimu wanaoifanya wastahili shukrani. Lakini siku hizi habari haziji kwa barua tu. Zaja kwa redio, tena zaja kwa simu: picha, sauti iliyorekodiwa, maneno machache yasiyo na jina la mwandishi. Na katika nyumba nyingi msomaji wa simu ni mtoto. Baba au mama humpa na kumwambia, "Tusomee." Akiisha kusoma, jamaa yote hulishika neno lile, na kesho lafika sokoni. Basi mtoto huyu amekuwa mtangazaji wa habari kabla hajafundishwa kazi hiyo.

Ndiyo maana twaleta maswali mawili. La kwanza: je, yafaa shule imfundishe mtoto kuzipima habari, kuzitafuta na kuziandika? La pili ni gumu zaidi. Akiisha kufundishwa hivyo, iko siku atamwuliza mkubwa wake, "Umejuaje?" Je, hapo tutakuwa tumemwongezea akili, au tumemwondolea heshima?

Kwanza tuone jambo hili lina uzito gani. Mahali penye amani, habari ya uongo pengine yaleta hasara ya fedha au aibu ya siku mbili. Kwetu, katika milima ya Lulenge, yaweza kuleta kifo. Nchi ya Fizi ina watu wa makabila mengi: Wabembe, Wabuyu, Wafuliiru, Wanyindu, Wanyamulenge na wengine. Wamepata kuuziana muhogo na ng'ombe, na wamepata pia kupigana na kuzikana. Tufikiri mfano. Jioni sauti yafika katika simu: "Watu wa kabila fulani wanakuja usiku huu." Haina jina la msemaji, haina mahali, haina tarehe. Pengine ilirekodiwa mwaka jana, upande mwingine kabisa. Kijana aisikiliza mara moja, aipeleka kwa rafiki zake kumi. Kabla ya saa mbili za usiku akina mama wamekwisha kujitwika watoto na vyungu, wamekimbilia msituni. Wazee wasioweza kutembea wameachwa. Vijana wameshika mapanga, wamekwenda njiani kuwangoja hao waliosemwa. Na watu wa upande wa pili, wakiona vijana wenye mapanga njiani, nao watuma sauti yao: "Wanakuja."

Wahenga walisema: Lisemwalo lipo, kama halipo, li njiani. Watu wengi hulitumia neno hili kama ruhusa ya kueneza lo lote walilolisikia. Lakini tulitazame vizuri. Katika mfano wetu vita havikuwapo. Vilikuwa njiani kwa sababu vilisemwa, na waliovisema ndio waliovifungulia njia. Basi mithali hiyo si ruhusa. Ni onyo.

Twaijua amri ya nane tangu katekisimu, na wengi wetu twaifahamu hivi: nisiseme neno ambalo najua kuwa ni uongo. Yule kijana hakusema uongo wa namna hiyo. Alidhani ni kweli. Mbona basi jirani yake ameumia? Kosa lake si kutaka kudanganya. Kosa lake ni kutoa ushahidi wa jambo asiloliona, wala hakumwuliza aliyeliona. Alisema "ni kweli" mahali alipopaswa kusema "nimesikia." Hata sheria ya nchi yetu imeligusa jambo hili: sheria ya Kongo ya mambo ya mitandao, iliyotolewa mwezi wa Machi 2023, haimtazami yule tu aliyeanzisha habari ya uongo, bali na yule aliyeipitisha.

Tena tusidhani kwamba matatizo haya yameletwa na simu. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, vijana wengi wa mashariki ya Kongo waliambiwa kwamba wakipata dawa ya mganga risasi zitageuka maji. Mwaka 1965 Che Guevara alikaa katika milima ya Fizi kwa muda wa miezi saba pamoja na wapiganaji hao, naye katika kumbukumbu zake aliandika juu ya dawa hiyo. Lililo muhimu kwetu ni namna neno lile lilivyolindwa. Kijana akipigwa risasi akafa, ilisemwa kwamba alivunja miiko: ameshika kitu alichokatazwa, au ameogopa. Akipona, ilisemwa kwamba dawa ni kali. Basi halikuwako tukio lo lote ambalo lingeweza kuonyesha kwamba neno lile si kweli. Mtoto aliyezoezwa kuuliza angalitambua hatari yake papo hapo: neno lisilokubali kupimwa kwa njia yo yote, usiliwekee uhai wako.

Sasa tuje kwenye heshima. Wazazi wengine watasema, "Mtoto akianza kuniuliza nimejuaje, kesho ataniita mwongo." Hofu hii si ya kuchekwa. Lakini tuwatazame wazee wetu wenyewe wanavyofanya wakati wa shauri. Wanapokutana barazani, pale Wabembe wanapopaita lubunga, je, hukata shauri la shamba au la mahari kwa kumsikia mtu mmoja? Hasha! Humsikiliza huyu, humsikiliza na yule. Humwuliza shahidi: wewe ulikuwapo? Uliona kwa macho, au uliambiwa? Aliyekuambia ni nani, naye yuko wapi? Hakuna asemaye kwamba wazee hao wanamdharau shahidi. Wanamheshimu, kwa kuwa wanalichukua neno lake kuwa zito, na neno zito hupimwa. Basi shule ikimfundisha mtoto kuuliza, haimletei desturi ya kigeni. Yamrudishia desturi ya baraza, ambayo simu imeirukia.

Lililobaki ni adabu ya kuuliza. Mtoto hatamwambia baba yake, "Si kweli." Atasema, "Baba, habari hii imetoka kwa nani, nami nipate kuwaeleza wenzangu?" Na baba mwenye hekima hatakasirika. Kama ameona, atasema ameona. Kama amesikia tu, atasema amesikia, na heshima yake haitapungua hata kidogo.

Je, mambo haya hufundishwaje? Hayahitaji mashine wala fedha nyingi. Mwalimu aweza kuanza na mchezo. Anong'oneze maneno kumi sikioni mwa mtoto wa kwanza wa benchi, kila mmoja amnong'oneze mwenzake, na wa mwisho ayaseme kwa sauti. Darasa lote litacheka, maana maneno yatakuwa yamegeuka. Ndipo mwalimu aulize: ni nani aliyedanganya? Hakuna. Basi uongo umetoka wapi? Mtoto hatalisahau somo hilo.

Kisha watoto wagawe ukurasa wa daftari sehemu tatu: niliyoyaona, niliyoyasikia, ninayoyawaza. Waende sokoni, waulize bei ya mafuta ya mawese kwa wauzaji watatu, si kwa mmoja, wakaandike kila neno mahali pake. Wajibu maswali ya mwandishi wa habari: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, namna gani. Wakiletewa picha ya nyumba inayoungua, waulize: ni wapi? Ni lini? Ni nani aliyeipiga? Maana picha yaweza kuwa ya kweli, na maneno yaliyoandikwa chini yake yakawa ya uongo. Na kila mtoto atakapoandika neno lisilo sawa, alisahihishe mbele ya wale wale waliolisoma.

Somo moja tungependa lisikose katika shule za Fizi. Mwalimu aandike ubaoni: "Mtu mmoja ameiba ng'ombe wawili." Chini yake aandike: "Watu wa kabila fulani wanatuibia ng'ombe." Watoto waeleze tofauti. Sentensi ya kwanza yamtafuta mwizi. Ya pili yamwacha mwizi aende zake, yawashtaki mama wanaolima na watoto wachanga. Kijana atakayeijua tofauti hiyo na kuishika kwa kalamu yake atakuwa amewafaa jirani zake wa kila kabila.

Lakini hapa sharti tuseme wazi: ufundi peke yake hautoshi. Huko Rwanda, redio ya RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na mwaka 1994 ikawachochea watu kuwaua jirani zao. Watu wake hawakuwa wajinga wa kazi. Walijua kuzungumza, walijua kuchekesha, walijua kupiga muziki ambao vijana waliupenda. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia katika chuo kikuu. Mahakama ya kimataifa huko Arusha ilimhukumu pamoja na wenzake wawili tarehe 3 Desemba 2003. Basi mtoto akifundishwa kuandika vizuri na asifundishwe kumpenda anayeandikwa, tumemnolea panga tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya habari, ulitaka vijana wafundishwe kuvitumia vyombo hivyo, nao uliunganisha mafundisho hayo na malezi ya dhamiri. Haukuyatenga.

Pengine mtu atasema: "Ninyi mwatutaka tungoje na kuulizana, na huku watu wenye silaha wako karibu. Anayengoja atakufa." Neno hili ni la kweli, nasi hatulipuuzi. Ikiwa jirani amepiga yowe usiku, hatuandiki kwanza katika daftari. Lakini mwenye kuonya aweza kuonya upesi na bado akasema kweli: "Nimesikia milio ya bunduki upande wa mto, sasa hivi, sijaona watu." Maneno hayo hayachukui muda mrefu kuliko kusema, "Wanakuja kutumaliza." Tena yamsaidia msikiaji kujua akimbilie wapi. Na pale uvumi ulipowakimbiza watu mara tano bure, mara ya sita, onyo likiwa la kweli, wengi hubaki vitandani. Anayetunza ukweli wa maonyo leo ndiye anayewaokoa watu kesho.

Liko kosa la upande wa pili pia, nalo ni kukataa kila kitu. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, watu wengi walisema haupo, kwamba ni biashara ya wakubwa. Walijiona wenye akili kwa kuwa hawadanganyiki. Wauguzi walipigwa, daktari mmoja wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo mwezi wa Aprili 2019. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo ugonjwa ulifika Mwenga, jirani zetu. Ulipokwisha mwezi wa Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Kumbe, asiyeamini neno lo lote ni ndugu yake anayeamini kila neno: wote wawili hawakupima. Swali "umejuaje?" hutaka jibu. Likijibiwa vizuri, muulizaji anapaswa kusadiki na kutii.

Neno moja kwa walimu. Kazi ya kutafuta habari ina gharama yake. Huko Bukavu waandishi wawili wa Redio Okapi, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waliuawa kwa risasi, wa kwanza mwezi wa Juni 2007, wa pili mwezi wa Novemba 2008. Mtoto asitumwe kuuliza habari za askari, wala za dhahabu, wala za kesi ya damu. Ayaandike yaliyo ya umri wake: daraja lililovunjika, bei ya chumvi, chanjo zahanatini, mchezo wa mpira. Na jina la msichana aliyeonewa lisiandikwe kamwe, hata likiwa la kweli. Si kila lililo kweli lina haki ya kutangazwa.

Nanyi wazazi, jibu la lile swali la pili liko mikononi mwenu. Mtoto akiwasomea simu jioni, msimwambie, "Wapelekee wengine upesi." Mwambieni, "Ngoja kwanza. Imetoka kwa nani?" Mkitangulia ninyi kuuliza, hatajifunza kwamba kuuliza ni kiburi. Ataona kwamba ndivyo watu wazima wanavyofanya.